Ananyonya lakini uzito haupandi: tatizo liko wapi?

"Mtoto ananyonya usiku na mchana lakini kadi haipandi." Ukikaa kwenye benchi la kliniki ya mama na mtoto asubuhi moja tu utalisikia lalamiko hili, na kabla mama hajafika mezani kwa nesi atakuwa ameshapewa jibu na jirani, na mama mkwe, na dada aliyekaa pembeni yake: maziwa yako mepesi, mwanzishie uji. Mara nyingi jibu hilo si kweli. Akina mama wengi wana maziwa ya kutosha, au wangekuwa nayo kama titi lingekuwa linanyonywa inavyotakiwa. Kinachokwama ni maziwa kutoka kwenye titi mpaka tumboni mwa mtoto. Sababu zake zinajulikana, na nyingi unaweza kuzikagua mwenyewe ukiwa nyumbani.

Tafuta hapa chini dalili inayofanana na ya mtoto wako. Chini ya kila dalili nimeanza na sababu inayotokea sana, nikaishia na ile ya nadra. Usiruke za mwanzo kwa kuwa zinaonekana ndogo, maana ndizo zinazokutwa mara nyingi zaidi.

Acha kusoma, mpeleke hospitali sasa

Mtoto wa chini ya miezi 2 apelekwe mara moja ukiona lolote kati ya haya:

- hawezi kunyonya, au amekataa titi kabisa
- amepata degedege
- anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, au kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi
- joto lake ni nyuzi 37.5 au zaidi, au mwili ni wa baridi, chini ya 35.5
- amelegea, hajitikisi mpaka umguse
- manjano imefika kwenye viganja na nyayo

Kwa mtoto wa umri wowote ongeza haya: utosi umezama, amepitisha nusu siku bila kukojoa, anatapika kila anachonyonya, matapishi ni ya kijani, au kuna damu kwenye choo. Usisubiri tarehe ya kliniki. Njiani mweke kifuani, ngozi kwa ngozi, umfunike na khanga, na kama anaweza kunyonya mnyonyeshe.

Kwanza hakikisha tatizo lipo

Anza na mzani. Ule wa kuning'iniza unaotumika kwenye zahanati nyingi una vistari vya gramu 100. Mtoto akirusha miguu mshale unacheza, na anayeusoma akiwa amesimama upande anaweza kukosea kistari kizima. Ukimpima leo na keshokutwa kwenye mzani huo hutaona ongezeko la gramu 50 hata kama lipo. Kwa mtoto mchanga omba mzani wa kumlaza, ule unaosoma gramu chache chache. Popote unapompima, angalia kama mshale uko kwenye sifuri huku kaptula ya kupimia ikiwa tayari imetundikwa, kama mtoto amevuliwa nguo zote (nepi iliyolowa peke yake inaweza kuongeza gramu 100 na zaidi), na kama mzani ni uleule wa safari iliyopita. Akina mama wanahama zahanati, uzito "unashuka", nyumba nzima inaingia hofu, kumbe mizani miwili haikubaliani.

Kisha soma kadi. Namba moja peke yake haisemi mengi. Tazama mstari unaelekea wapi. Mtoto aliyezaliwa na kilo 2.3 anaweza kuwa chini ya wenzake kwa miezi kadhaa na bado akawa anakua vizuri, mradi mstari wake unapanda sambamba na mistari iliyochapwa kwenye kadi. Wa kutia wasiwasi ni yule ambaye mstari wake umelala au unashuka, hata kama bado anaonekana mnene. Na usikubali kuambiwa kwamba kadi imechorwa kwa watoto wa Kizungu. Viwango vya Shirika la Afya Duniani vinavyotumika leo vilitolewa mwaka 2006 baada ya kufuatilia watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na watoto hao walikuwa wa kunyonya.

Haya ndiyo mategemeo ya kawaida:

- Siku za mwanzo mtoto hupungua. Kupungua hadi asilimia 7 hakutishi. Kukikaribia asilimia 10 lazima aonwe na mtaalamu.
- Kati ya siku ya 10 na ya 14 awe amerudi kwenye uzito wa kuzaliwa.
- Kuanzia hapo mpaka miezi 3 huongezeka takriban gramu 150 hadi 200 kwa wiki. Baada ya hapo kasi hupungua, na hilo ni jambo la kawaida.
- Akiongezeka chini ya gramu 500 kwa mwezi mzima ndani ya miezi 6 ya mwanzo, hapati maziwa ya kutosha au ana ugonjwa.

Kwa mfano, mtoto amezaliwa na kilo 3.1. Siku ya 4 ana 2.85, yaani amepungua asilimia 8: hapo mfuatilie kwa karibu na urekebishe unyonyeshaji. Siku ya 14 amerudi 3.1. Akifika wiki ya 6 tunatarajia awe kati ya 3.7 na 3.9. Akiwa na 3.3, kuna kitu.

Nyumbani, mzani wako ni nepi. Kuanzia siku ya 5 au ya 6 mtoto alowanishe nepi 6 au zaidi kwa saa 24, mkojo uwe mweupe, usio na harufu kali. Anayevalishwa pampasi ni vigumu kumhesabia. Mvalishe nepi za kitambaa kwa siku moja na usiku wake, upate jibu. Mkojo wa njano iliyokolea, mara tatu nne kwa siku, ni ushahidi kwamba hapati cha kutosha. Kulia, kuamka usiku, kunyonya vidole au titi kuwa laini si ushahidi wa jambo hilo.

Dalili: wiki mbili zimepita, hajarudi uzito wa kuzaliwa

*Ananyonya mara chache.* Hii ndiyo ya kwanza. Mchanga anahitaji titi mara 8 hadi 12 kwa saa 24, na usiku umo humo. Titi linatengeneza kadiri linavyotolewa, na kichocheo cha kutengeneza maziwa hupanda zaidi usiku. Mama aliyejifungua kwa upasuaji, ana maumivu, mtoto amelazwa kitanda kingine, ndugu wanambembeleza kwa maji ya glukosi "mama apumzike kwanza", huyo amepoteza siku zilezile ambazo titi lilikuwa linasubiri kuamshwa. Tiba: mtoto arudi kifuani, ngozi kwa ngozi, na anyonye kila anapoonyesha dalili (anageuza kichwa, anafungua mdomo, anapeleka mkono mdomoni) kabla hajaanza kulia.

*Dang'a imemwagwa.* Yale maziwa ya kwanza ya njano ni machache kwa sababu tumbo la mtoto ni dogo. Si machafu. Ukiyakamua ukayamwaga, mtoto amekosa chakula na pia amekosa kinga.

*Hashiki titi vizuri.* Soma dalili inayofuata.

*Titi limejaa likawa gumu.* Kati ya siku ya 2 na ya 4 maziwa hushuka kwa wingi, ngozi inavutika, chuchu inazama, na mtoto anashindwa kushika. Kamua kidogo kwa mkono mpaka sehemu nyeusi inayozunguka chuchu ilainike, ndipo umweke.

*Manjano au maambukizi* kwa mtoto, au *kipande cha kondo la nyuma* kilichobaki kwa mama na kuzuia maziwa kushuka. Hizi hukutwa mara chache kuliko za juu. Mama ambaye siku ya 5 bado hajaona matiti kujaa hata kidogo, na bado anatoka damu nyingi au ana homa, arudi hospitali kwa ajili yake mwenyewe.

Cha kukagua kwa macho: choo. Kile cheusi cha kunata kinatakiwa kugeuka kijani, halafu njano ifikapo siku ya 5. Kama siku ya 5 bado ni cheusi, maziwa hayafiki tumboni. Nepi yenye madoa ya rangi ya tofali baada ya siku ya 4 inasema hivyohivyo. Mpeleke siku hiyohiyo.

Dalili: anakaa kwenye titi saa nzima, ukimtoa analia

Hapa ndipo walipo watoto wengi wa kundi hili, na ndipo uji unapoanzishwa kwa makosa. Mtoto anaonekana ananyonya sana. Ukweli ni kwamba yuko kwenye titi sana na ananyonya kidogo.

Sababu ya kwanza, kwa mbali, ni *kushika chuchu badala ya titi*. Maziwa hayakai kwenye chuchu. Yako nyuma yake, na ili yatoke mtoto lazima awe na sehemu kubwa ya titi mdomoni, aibane kwa ulimi na kaakaa. Akishika ncha tu anapata matone, anachoka, analala, anaamka na njaa. Mama naye anapata vidonda, anaanza kuogopa kunyonyesha, na idadi ya mara inapungua. Matatizo mawili yanakuwa matatu.

Kagua hivi. Kaa sehemu yenye mwanga na umtazame kutoka pembeni. Kama ameshika vizuri utaona mambo manne: mdomo umefunguka kwa upana, mdomo wa chini umebinuka nje, kidevu kimegusa titi, na sehemu nyeusi inaonekana zaidi juu ya mdomo wake kuliko chini. Sasa sikiliza. Mwanzo atavuta haraka haraka, vifupi vifupi, kuita maziwa. Baada ya dakika moja hivi mvuto unabadilika: taya linashuka chini, linatulia kidogo, unasikia anameza taratibu, kisha anavuta tena. Vuta, meza, pumzika. Kama dakika kumi zote ni vile vya haraka tu, mashavu yanaingia ndani, na unasikia "ta, ta, ta" ya ulimi kuachia, hapati kitu. Akiachia, tazama chuchu: iliyonyonywa vizuri inatoka ya duara, iliyobanwa inatoka imekuwa bapa upande mmoja, wakati mwingine na mstari mweupe juu yake.

Rekebisha mkao kabla ya mdomo. Tumbo la mtoto liguse tumbo lako. Sikio, bega na nyonga viwe kwenye mstari mmoja; mtoto aliyelala chali akigeuza shingo kutafuta titi hawezi kumeza vizuri (jaribu wewe kunywa maji ukiwa umetazama begani). Shika mwili mzima, si kichwa tu. Pua yake iwe mkabala na chuchu. Gusisha chuchu kwenye mdomo wa juu, subiri afungue kama anayepiga mwayo, kisha *mlete yeye kwenye titi* kwa haraka, kidevu kikitangulia. Usiinamie mtoto. Ukisikia maumivu yanayoendelea baada ya sekunde chache za mwanzo, ingiza kidole safi pembeni ya mdomo, mwachishe, anza upya. Unaweza kurudia mara nne kwa mlo mmoja siku za mwanzo, na si kupoteza muda.

Sababu ya pili: *kuhamishwa titi mapema.* Mafuta kwenye maziwa yanaongezeka kadiri titi linavyonyonywa. Mama anayegawa kwa saa, dakika tano kulia, dakika tano kushoto, anampa mtoto maziwa ya mwanzo pande zote mbili: anashiba maji, anapata gesi, choo kinakuwa cha kijani chenye povu, uzito unasuasua. Mwache amalize titi la kwanza mpaka aachie mwenyewe, ndipo umpe la pili. Mlo unaofuata anza na lile la pili.

Ya tatu: *chupa na chuchu bandia.* Ya nne: *utando mweupe mdomoni* usiofutika, yaani fangasi, unaofanya kunyonya kuume; mtoto na titi la mama vinatibiwa pamoja. Ya tano: *ulimi ulioshikwa.* Mtoto akilia tazama kama ncha ya ulimi inavuka ufizi wa chini au inavutwa ikawa na umbo la moyo. Wengi wenye ulimi wa namna hiyo wananyonya vizuri tu, kwa hiyo usikimbilie kukata. Kama mkao umerekebishwa na bado hashiki, daktari ndiye ataamua. Na mwisho, *kaakaa lililopasuka*, ambalo wakati mwingine liko ndani kabisa na mdomo kwa nje ni mzima. Mtoto ambaye maziwa yanamtokea puani kila anaponyonya akaguliwe kaakaa kwa tochi.

Ukirekebisha na kunyonyesha mara 8 hadi 12, mpime baada ya siku 3 hadi 7. Tatizo likiwa lilikuwa hapa, mzani utaonyesha. Usipoonyesha, acha kujaribu peke yako.

Dalili: mtulivu sana, analala, hasumbui

Mtoto huyu anasifiwa na kila mgeni, na ndiye anayenitia hofu kuliko yule anayelia. Mtoto mwenye njaa ya muda mrefu anapunguza matumizi: halii, analala, anavuta mara mbili tatu na kusinzia.

Sababu za kawaida ni kuzaliwa kabla ya wakati au na uzito chini ya kilo 2.5, manjano, na kufungwa nguo nyingi mno kwenye joto. Mwamshe. Wiki za mwanzo asipitishe saa 3 bila kunyonya, mchana na usiku, mpaka uzito utulie kwenye kupanda. Mvue abaki na nepi, mfute nyayo kwa kitambaa chenye maji ya baridi kidogo, mbadilishe nepi katikati ya mlo. Akiacha kumeza huku bado ameshika, bana titi taratibu kwa kiganja, karibu na kifua na mbali na chuchu: maziwa yanaruka mdomoni, anaanza tena kumeza. Achia, subiri, bana tena. Akichoka kabisa, kamua yaliyobaki umpe kwa kikombe kidogo. Mtoto njiti abebwe kwa njia ya kangaruu, yaani kifuani ngozi kwa ngozi, saa nyingi iwezekanavyo. Nguvu ambayo angeitumia kujipasha joto inakwenda kwenye uzito.

Mtoto aliyekuwa mchangamfu akageuka kuwa mlegevu ghafla hayumo kwenye kundi hili. Huyo ni wa hospitali leo.

Dalili: alikuwa anapanda vizuri, sasa mstari umelala

Mara nyingi hutokea mwezi wa 3 mpaka wa 5. Jiulize nini kimebadilika nyumbani wiki mbili tatu kabla mstari haujalala.

*Kuna kitu kingine kinaingia mdomoni.* Maji kwa sababu ya joto la Dar, maji ya chango, dawa ya gesi, uji mwepesi, juisi. Maziwa ya mama ni maji kwa zaidi ya asilimia 85. Mtoto anayenyonya hahitaji mengine hata Machi. Kila kijiko cha maji kinachukua nafasi ya maziwa tumboni, na uji wa maji maji una nguvu ndogo kuliko maziwa uliyoyafukuza. Uliza kwa upole kila anayebaki na mtoto, bibi na dada wa kazi wakiwemo, bila kufoka, la sivyo hutaambiwa ukweli. Mara nyingi wanampa kwa mapenzi.

*Mama amerudi kazini.* Likizo ya uzazi Tanzania ni siku 84, au 100 kwa mapacha, na mstari hulala kwa wengi hapohapo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa anayenyonyesha hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi, idai. Anza kukamua wiki mbili kabla ya kurudi. Ukiwa kazini kamua kila baada ya saa 3, maana titi lisilotolewa linapunguza kutengeneza. Maziwa yaliyokamuliwa yanakaa saa 4 kwenye chumba kisichozidi nyuzi 25. Pwani vyumba vingi vina joto zaidi ya hapo, basi weka kwenye friji, hadi siku 4, au kwenye chupa ya chai iliyojazwa barafu. Jioni na usiku mnyonyeshe bila kuhesabu.

*Vidonge vya majira* vyenye vichocheo (homoni) viwili hupunguza maziwa. Mwambie mtoa huduma kwamba unanyonyesha, akupe njia ya kichocheo kimoja au isiyo na kichocheo.

*Mama ana mimba nyingine*, au anakula kidogo mno, au amefunga. Kwa Ramadhani, dini imempa ruhusa anayenyonyesha kula akihofia afya yake au ya mtoto.

*Maradhi ya mtoto yasiyopiga kelele.* Maambukizi ya mkojo yanaweza kusimamisha uzito bila dalili nyingine zaidi ya homa ya kuja na kuondoka, au hata bila homa. Omba apimwe mkojo. Malaria, kifua kikuu (kuna mtu nyumbani anakohoa zaidi ya wiki 2?) na VVU vitafutwe pia. Mama anayeishi na VVU asiache kunyonyesha kwa uamuzi wake: ameze dawa kila siku, mtoto apewe dawa zake za kinga, na kipimo chake cha VVU cha wiki ya 6 kama kilikosekana kifanyike sasa.

Na hapa niseme juu ya kubemenda. Mstari ukilala, mama anaangaliwa kwa jicho la kwamba amekutana na mume au ametoka nje, na akina mama wengi wanaacha kuja kliniki kwa aibu. Tendo la ndoa haliharibu maziwa. Kinachowezekana ni mimba mpya kupunguza maziwa, na hilo ni suala la uzazi wa mpango. Aibu hii imechelewesha watoto wenye nimonia na kifua kikuu ambao wangetibika mapema.

Dalili: anatapika, anaharisha, anakohoa au anatoka jasho akinyonya

Kucheua kidogo baada ya kunyonya, uzito ukiwa unapanda, si ugonjwa. Mkalishe wima dakika 20. Kutapika kwa kuruka mbali, kila baada ya kunyonya, kati ya wiki ya 2 na ya 8, kisha mtoto anataka tena titi kwa pupa, kunaweza kuwa njia ya kutokea tumboni imebana. Hilo linahitaji daktari wa upasuaji, na halitibiki kwa dawa ya gesi.

Anayeharisha aendelee kunyonya, tena zaidi, na apelekwe kituoni kwa maji ya chumvichumvi na zinki.

Tazama vizuri anayetoka jasho kwenye paji la uso akinyonya, anayehema, anayeacha titi kila baada ya muda mfupi kuvuta pumzi, midomo ikigeuka bluu. Moyo unaweza kuwa na tundu. Omba rufaa, Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete inatibu watoto wa aina hii.

Mtoto wa kikohozi na asiyeongezeka ndiye anayepelekwa kukatwa kimeo, na mwenye homa na kuharisha ndiye anayeng'olewa "meno ya plastiki". Tafadhali usimpeleke. Kimeo hakizuii uzito, na hicho kinachoitwa jino la plastiki ni jino lake halisi ambalo bado halijaota. Watoto wanafika hospitali wakivuja damu au na maambukizi kwenye damu, na ugonjwa wa mwanzo ukiwa bado uko palepale.

Dalili: maziwa yenyewe kweli ni machache

Hali hii ipo, ila ni ya nadra kuliko tunavyodhani, na nimeiweka mwisho kwa makusudi. Fikiria hili kama mkao ni mzuri, mara zinatosha, hakuna kingine kinachoingia mdomoni, mtoto si mgonjwa, na bado. Mama aliyetokwa damu nyingi sana wakati wa kujifungua, mwenye ugonjwa wa tezi ya shingo, aliyefanyiwa upasuaji wa titi, au ambaye matiti hayakubadilika kabisa wakati wa mimba, apimwe. Sonona baada ya kujifungua nayo ihesabiwe: mama asiyelala, anayelia, asiyetaka kumshika mtoto anahitaji msaada, si kukaripiwa.

Mtori, uji wa pilipili manga, supu na karanga ni vizuri. Mama anayenyonyesha anahitaji nyongeza ya chakula kila siku, na kikombe cha kunywa kila anapokaa kunyonyesha. Lakini hakuna supu inayojaza titi ambalo halitolewi. Dozi ya kuongeza maziwa ni kunyonyesha, kisha kukamua dakika 10 hadi 15 baada ya kila mlo, kwa wiki moja mpaka mbili.

Akihitaji kuongezewa

Mtoto mwenye njaa alishwe. Kumwacha ateseke ili kulinda unyonyeshaji si sahihi. Mpangilio uwe huu: titi kwanza, kisha maziwa ya mama yaliyokamuliwa, na kama hayatoshi, maziwa ya kopo kwa kiasi utakachopangiwa na mtaalamu. Kwa kukadiria tu, mtoto mchanga anahitaji jumla ya takriban mililita 150 kwa kila kilo kwa siku, yaani wa kilo 3 ni mililita 450, zigawanywe kwa milo 8. Mpe kwa kikombe kidogo, mtoto amekaa wima, umguse mdomo wa chini na maziwa avute mwenyewe; usimmiminie. Maziwa ya kopo yapimwe kwa kijiko cha kopo lilelile na maji kama yalivyoandikwa. Kuyapunguza yafike mwisho wa mwezi ni kumnyima mtoto akiwa ameshika kikombe. Maziwa ya ng'ombe hayamfai kabla ya mwaka.

Kwa aliyetimiza miezi 6 maziwa peke yake hayatoshi tena. Tatizo kubwa hapo ni uji mwepesi. Uwe mzito usiodondoka kirahisi kwenye kijiko, utiwe mafuta, karanga zilizosagwa au yai, mara 2 hadi 3 kwa siku na titi likiendelea. Mahindi na karanga zenye ukungu zitupwe. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, ni adui wa ukuaji. Mzingo wa mkono wake wa juu ukiwa chini ya sentimita 11.5, huo ni utapiamlo mkali, apelekwe siku hiyo.

Unapokwenda kuonana na daktari

Nenda na kadi, na karatasi yenye mambo ya saa 24 zilizopita: kila alipoanza kunyonya na titi gani, nepi ngapi zimelowa, choo mara ngapi na rangi gani, kila kitu kingine kilichoingia mdomoni, na dawa zote unazomeza wewe. Nenda wakati anakaribia kunyonya, kisha omba muuguzi akuangalie ukinyonyesha mwanzo hadi mwisho kabla hujaandikiwa chochote. Ukiambiwa tu "ongeza uji" kwa mtoto wa chini ya miezi 6 bila mtu kutazama titi wala kumkagua mtoto, omba kuonwa na mwingine, au nenda hospitali ya wilaya.

Mtoto wa chini ya miezi 2 ambaye uzito umesimama arudi kupimwa baada ya siku 3 hadi 7 kwenye mzani uleule. Aliyevuka umri huo, baada ya wiki 2. Mizunguko miwili bila kupanda, alazwe au apewe rufaa.